Vijana wa Kiyahudi na mfuko wa jamii: kura kwanza, mchango baadaye

Mhariri,

Kila gazeti lako linapogusia vijana wanaojitenga na shughuli za jamii, hakosekani msomaji wa kuwataja Wayahudi kama watu walioshikamana, na aghalabu huongeza kwamba wameshikamana kwa sababu ya utajiri, au kwa sababu ndivyo walivyozaliwa. Maelezo yote mawili yanapotosha. Kushikamana kwao kumejengwa juu ya utaratibu wenye kanuni zilizoandikwa, wenye makarani na hesabu, na katika Marekani ya leo utaratibu huo umelegea upande wa vijana. Naandika kueleza umelegea wapi, umejaribiwa kukazwa vipi, na kwa nini naamini kuwa njia moja imezishinda nyingine: kumpa kijana kura juu ya fedha za jamii kabla ya kumwomba atoe zake.

Msingi ni wa kale. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya marabi, katika kitabu kiitwacho Bava Batra, inaeleza mfuko wa mji unaoitwa kupa. Hukusanywa na watu wawili na kugawanywa na watu watatu. Wawili, kwa kuwa kumdai mtu mchango ni mamlaka, na mamlaka hayo hakabidhiwi mtu peke yake. Watatu, kwa kuwa kugawa ni sawa na kutoa hukumu, na kesi ya fedha huamuliwa na mahakimu watatu. Kando ya kupa palikuwa na tamhui, chakula cha kila siku kwa mwenye njaa ya siku hiyo. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi aliyeishi Fustat huko Misri na kufariki mwaka 1204, aliupanga utoaji katika ngazi nane. Ngazi ya juu kabisa aliiweka kwa anayempa mwenziwe mkopo, ubia au kazi, ili asihitaji kuomba tena. Kiwango cha kawaida ni sehemu moja ya kumi ya pato, na mtoaji ameonywa asivuke moja ya tano asije naye akawa muhitaji. Hata maskini anayekula kutoka kwenye mfuko hutakiwa kutoa kidogo. Kanuni hii ya mwisho ndiyo ninayoomba msomaji aikumbuke, maana ndani yake mna jibu la tatizo la vijana: hakuna mtu aliye mpokeaji tu.

Huko Marekani, wahamiaji wa Kiyahudi walipoongezeka mwishoni mwa karne ya 19, kila mji ulijaa vyama. Kulikuwa na cha wajane, cha yatima, cha mazishi, cha mikopo midogo, na vyote vilibisha hodi kwenye milango ileile. Mwaka 1895 Boston iliviunganisha vyama vyake katika shirikisho moja lenye kampeni moja kwa mwaka, na miji mingine ikafuata. Leo kuna mashirikisho zaidi ya 140 Amerika Kaskazini. Mpango wao ni uleule wa wawili na watatu, ila mkubwa zaidi: kamati moja hukusanya, kamati nyingine hugawa kwa nyumba za wazee, shule, ushauri nasaha na misaada ya ng'ambo. Katika karamu za kampeni za katikati ya karne ya 20, jina la mgeni lilisomwa kwa sauti pamoja na kiasi alichotoa mwaka uliopita, kisha akatakiwa ataje cha mwaka huu mbele ya wenzake. Aliyewahi kukaa kwenye harambee ya Kenya analifahamu shinikizo lile. Lilifanikiwa kwa kizazi kilichobeba kumbukumbu za vita na mauaji ya Ulaya, kilichoishi mtaa mmoja na kufanya biashara na watu wake.

Mjukuu wa kizazi hicho amesoma mji mmoja, ameajiriwa mji wa pili, na pengine mwakani atahamia wa tatu. Analipa mkopo wa chuo. Simu ya namba asiyoijua haipokei, kwa hiyo ile Jumapili moja ya mwaka ambapo wanaojitolea hukaa na orodha wakipiga simu mchana kutwa haimgusi kabisa. Utafiti wa kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani wa mwaka 2020 uliwakuta Wayahudi milioni 7.5 nchini humo, watoto wakiwemo. Miongoni mwa watu wazima kwa jumla, asilimia 27 walisema ni Wayahudi kwa asili au utamaduni lakini hawana dini. Kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 29 walikuwa asilimia 40. Katika waliofunga ndoa kuanzia 2010, asilimia 61 wameoa au kuolewa na asiye Myahudi. Wakati huohuo Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za dini kwa ukali, ambao ni asilimia 3 tu ya wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wamefikia asilimia 17 ya wale walio chini ya miaka 30. Kwa maneno mengine kijana wa wastani hayupo. Kuna anayesali mara tatu kwa siku, na kuna ambaye mama yake ni Mkatoliki na hajui mlango wa sinagogi unafunguliwa saa ngapi. Barua moja ya kuomba mchango haiwezi kuwafaa wote wawili.

Jaribio kubwa kuliko yote lilianza majira ya baridi ya 1999. Wafadhili Charles Bronfman na Michael Steinhardt, wakisaidiwa na serikali ya Israel na jamii za Kiyahudi, walianzisha Birthright: safari ya siku kumi kwenda Israel, bure, kwa vijana wa miaka 18 hadi 26. Msafiri kutoka Marekani huweka dhamana ya dola 250, hurudishiwa akimaliza, na akitaka huiacha iwe mchango wake. Mamia ya maelfu wamekwenda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis wamewalinganisha waliosafiri na walioomba lakini hawakwenda, ulinganisho wa haki kuliko kuwapima na umma mzima, na wamekuta kwamba waliosafiri wana uhusiano wa karibu zaidi na Israel na wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuoa au kuolewa na Myahudi mwenzao. Siibezi kazi hiyo. Ila safari ni siku kumi, na kijana anaporudi Cleveland au Denver hukuta hakuna anayemtarajia. Fedha za kumpeleka zilikuwepo. Za kumlipa mtu mmoja wa mjini kwake ampigie ndani ya wiki mbili, akiwa bado na joto la safari, mara nyingi hazikuwepo. Baada ya miezi sita amebaki na picha. Tena safari humfundisha tabia moja isiyofaa, kwamba jamii ni kitu cha kulipiwa na wengine. Kwa muda wote wa safari hakuna aliyemkabidhi kazi yoyote.

Moishe House ilipita njia nyingine. Ilianza Oakland, California, mwaka 2006, na tangu 2024 shirika lake linaitwa Mem Global. Vijana watatu hadi watano wa miaka ya ishirini hupanga nyumba pamoja, shirika huwalipia sehemu ya kodi, nao hulipa kwa kazi: kila mwezi waandae shughuli kadhaa kwa vijana wenzao, wawe na bajeti, watume taarifa na picha, la sivyo nafuu ya kodi husimama. Hapo hakuna mfanyakazi wa ofisini anayekuja kuwachangamsha. Mwenyeji ni kijana, na wageni ni rafiki zake na rafiki wa rafiki zake. OneTable, iliyoanza 2014, ilirahisisha zaidi, kwani mtu hahitaji hata nyumba maalumu. Huandikisha mlo wa Ijumaa usiku, hualika, na hupewa dola chache kwa kila mgeni za kununulia vyakula.

Mlo huo wa Ijumaa naueleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa ndipo kazi inapofanyika na ndipo inapoharibikia. Mahitaji ni madogo: mishumaa miwili, divai au maji ya zabibu, mikate miwili ya kusukwa iitwayo hala, na chakula. Watu wanane hadi kumi na wawili ndio kiasi kizuri. Wakipungua sita, mgeni mpya hujiona anahojiwa. Wakizidi kumi na tano, meza hugawanyika na waliojuana tayari hukaa upande wao. Atakaye wageni kumi aalike kumi na wanne, kwa maana Ijumaa mtu aliyechoka kazini huahirisha saa ya mwisho, hasa asipoulizwa aje na kitu. Mwambie mmoja alete mkate na mwingine alete saladi, watakuja wote wawili. Nyama iachwe. Sheria ya kosheri, yaani sheria ya Kiyahudi ya chakula, inakataza kuchanganya nyama na maziwa, na jiko la kijana aliyepanga haliwezi kuwa na seti mbili za vyombo. Mboga, dengu na mayai, kwenye sahani za karatasi, humwezesha hata mwenye kushika sheria kiasi kula kitu. Mishumaa kwa desturi huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, na Desemba jua la New York huzama karibu saa kumi na nusu jioni, watu wakiwa bado ofisini. Wenyeji wengi hukaa mezani saa moja na nusu usiku na kuendelea na baraka. Mwenye kushika sana hataridhika, na mwenyeji asijifanye kwamba suala hilo halipo. Aseme mapema mlo utakuwaje, kila mmoja aamue. Baraka ziandikwe kwa herufi za Kilatini karatasi ipite mezani. Hakuna kinachomfukuza mgeni haraka kuliko kusimama kimya katikati ya wimbo ambao wenzake wote wanaujua.

Hayo yote hujenga urafiki. Hayajengi utoaji. Ni kosa la kudhani kwamba kijana akija kula mara ishirini, mara ya ishirini na moja atakuja na hundi. Utoaji hufunzwa kwa kutoa, na hufunzwa mapema.

Mtoto wa Kiyahudi akifikisha miaka 13, na kwa wasichana katika baadhi ya jamii 12, hufanyiwa sherehe ya kuingia katika wajibu wa Torati, naye hupewa zawadi za fedha, nyingi zikiwa dola 18, 36 au 180, kwa kuwa herufi za neno la Kiebrania la uhai hujumlika 18. Mifuko ya vijana iliyopo katika miji mingi huanzia hapo. Chukua mfano: mtoto anaweka dola 250 za zawadi zake, mfadhili wa mji anaongeza 250, na dola 500 hizo zinakaa kwa jina la mtoto ndani ya mfuko wa jamii. Kila mwaka anaweza kuelekeza asilimia 5, yaani dola 25, kwa asasi anayoichagua. Dola 25 si kitu kwa asasi. Kwa mtoto ni karatasi yenye jina lake, uamuzi wa kufanya, na barua ya shukrani inayorudi nyumbani. Hatua inayofuata ni bodi ya vijana ya shule ya sekondari: kumi na tano au ishirini hivi, hukutana mara moja kwa mwezi kwa mwaka wa masomo, hupewa fungu la fedha halisi, husoma maombi, hutembelea waombaji wawili au watatu, hubishana na kupiga kura. Uzoefu wa bodi hizi uko wazi kwenye jambo moja. Mtu mzima aliyemo chumbani akitengua uamuzi wao hata mara moja, kwa nia njema kabisa, mwaka huo umekwisha. Wataendelea kuhudhuria kwa ajili ya fomu za kuombea chuo, lakini hawatabishana tena.

Kwa walio kazini kuna vikundi vya kuchangia. Natan, kilichoanzishwa New York mwanzoni mwa miaka ya 2000 na vijana wengi wao wa sekta ya fedha, kilionyesha kwamba wanachama wakichanga, wakasoma maombi wenyewe na kupiga kura wenyewe, hutoa zaidi na hukaa zaidi. Kuanzisha kikundi kama hicho si kazi ngumu. Watu ishirini wakitoa dola 360 kila mmoja hupata dola 7,200. Wakutane mara tano. Mara ya kwanza wakubaliane watagusa jambo gani, na liwe finyu, kwa mfano madeni ya hospitali ya wazee wa mji wao, au elimu ya walemavu katika shule za Kiyahudi. Mara ya pili wasome kurasa mbili mbili za waombaji kumi. Ya tatu wawasikilize watatu. Ya nne wapige kura. Ya tano, baada ya miezi sita, wasikie fedha zimefanya nini. Kiasi kiwe kimoja kwa wote, au kiwe siri ya mweka hazina, na kura iwe moja kwa mtu. Mwenye kutoa zaidi akipewa kura zaidi, wengine huacha kusoma maombi.

Kuvunjika kwake nako kunajulikana. Kikundi kinachosema kinasaidia "jamii" bila kusema jambo gani hutumia mikutano mitatu kutafuta jina lake. Kinachogawa dola 7,200 kwa asasi saba huzipa fedha zisizotosha hata gharama ya kuandika ombi. Ruzuku mbili za 3,600 zingefaa zaidi. Kisicho na mratibu anayelipwa hata kwa saa chache hufa mwaka wa pili, pale mwanachama mmoja aliyekuwa akituma barua pepe zote anapojifungua mtoto au kuhamia mji mwingine. Na kile kilichowekewa kiwango cha dola 5,000 na wazee waliodhani vijana wote wanafanya kazi benki, hubaki na watoto wa wafadhili walewale.

Kuhusu viti vya bodi nitasema wazi. Kumweka kijana mmoja kwenye bodi ya watu arobaini ni kumdhalilisha. Huombwa kufungua mkutano kwa neno fupi na huulizwa juu ya mitandao ya kijamii. Bodi inayotaka vijana iwape theluthi ya viti kwenye kamati ya ugawaji, mahali fedha zinapoamuliwa. Iweke ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitatu kwa kila mjumbe, wazee nao wakiwemo. Ifute sharti la mchango mkubwa wa kuingilia, au ikubali asilimia fulani ya kipato badala ya kiasi. Na ihamishe vikao kutoka saa mbili asubuhi. Kikao cha saa hiyo ni cha watu wenye kampuni zao.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi wengi hulikwepa, nalo ni Israel. Katika utafiti uleule wa Pew, asilimia 67 ya wenye miaka 65 na zaidi walisema wana mapenzi makubwa au ya kiasi kwa Israel. Kwa walio chini ya miaka 30 walikuwa asilimia 48. Baada ya mashambulizi ya Oktoba 7, 2023 na vita vya Gaza, pengo hilo limeingia sebuleni. Wapo vijana waliorudi kwa nguvu, wakichanga na kusali pamoja na watu waliokuwa hawawajui. Wapo wengine waliotoka kwa sababu waliambiwa maswali yao si ya kuulizwa hapo. Mfuko unaoogopa mjadala huo huwapoteza hao, na hata waliobaki hujifunza kunyamaza, na mtu aliyezoea kunyamaza hagombei kuwa mwenyekiti miaka kumi baadaye. Kanuni inayosaidia ni kutenganisha meza: kamati ya ugawaji iandike vigezo vyake kabla ya kupokea maombi, na mjadala wa siasa uwe na jioni yake.

Udhaifu mwingine ni kwamba programu nyingi za vijana zinaning'inia kwenye wafadhili wachache. Ulaghai wa Bernard Madoff, meneja wa uwekezaji wa New York, ulipofichuka Desemba 2008, mfuko wa Robert I. Lappin wa Massachusetts, uliokuwa ukiwalipia vijana safari za Israel, ulifunga shughuli zake mara moja kwa kuwa fedha zake zilikuwa kwa Madoff. Baadaye ulirejea kwa michango, lakini tukio hilo lilionyesha hatari ya kutegemea mlango mmoja.

Haya yana uhusiano na kwetu kuliko inavyodhaniwa. Abayudaya wa Mbale, jamii ya Wayahudi wa Uganda iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wana vijana wengi, na mwaka 2018 kundi lao lilikwenda Israel kwa mpango wa Birthright. Shule na zahanati yao zimejengwa kwa sehemu kubwa kupitia marafiki wa Marekani. Rwanda kuna Agahozo-Shalom, kijiji cha vijana karibu na Rwamagana kilichofunguliwa 2008 kwa juhudi za Anne Heyman, kwa mfano wa vijiji vya Israel vilivyolea yatima wa vita, na vijana wa Kiyahudi wamekuwa wakienda kujitolea hapo. American Jewish World Service, shirika la Kiyahudi la misaada la Marekani, hufadhili vikundi vya wananchi Kenya, Uganda na Kongo. Kwa hiyo ombi la asasi ndogo ya Kampala au Kisumu laweza kabisa kutua kwenye meza ya vijana ishirini nilioeleza.

Likitua, wataliangaliaje? Watataka kurasa mbili, siyo kumi na mbili. Watataka jambo moja na bei yake: matangi mangapi, lita ngapi, fundi nani, kwa shilingi na kwa dola. Watauliza nani anaamua ndani ya asasi yenu na kama vijana wenu wamo. Picha ya mtoto anayelia itawapotezea kura, kwa kuwa wengi wamefundishwa tangu wakiwa na miaka 13 kwamba anayepokea ana heshima sawa na anayetoa. Fedha zenyewe kwa kawaida hazitatumwa moja kwa moja. Zitapitia shirika lililosajiliwa Marekani, kama Kulanu inavyofanya kwa Abayudaya, na shirika hilo litataka cheti cha usajili, hesabu za mwaka na akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Viandaeni kabla ya kuomba, maana kura ikishapigwa huwa mna wiki chache tu. Na kwa kuwa vikundi hivi hufadhili mwaka mmoja, au miaka mitatu kwa wingi, muulizeni mratibu siku ya kwanza kama mnaruhusiwa kuomba tena na kwa masharti gani, kisha jibu lake liingizwe kwenye muhtasari wa kikao chenu.

Msomaji wako,
New York, Marekani